Ngano Iliyokataa Kukauka

"Mayu, hiyo ngano yako inakunywa wapi?"

Ndivyo Mama Wiliam, akimwita mama kwa Kisukuma, alivyomuuliza jirani yake Salvina, siku hiyo akiwa ameegemea ua wa minyaa, mkono kiunoni, jicho halibanduki shambani. Swali lenyewe halikuwa na ubaya. Mvua zilikuwa zimekatika kitambo, mahindi ya watu yamebaki mabua, hata mihogo imeanza kukunja majani kama mtu anayeficha viganja. Na katikati ya ukavu huo, ndani ya shamba la utafiti, kipande kimoja cha ngano kilikuwa kimesimama kijani kibichi, utadhani kimenyeshewa peke yake.

Salvina akacheka. "Hainywi popote, Mama Wiliam. Ndiyo kazi niliyoifundisha hiyo. Kuvumilia."

"Kiumbe cha Mungu kisichokunywa?" Mama Wiliam akatikisa kichwa. "Hata ngamia hunywa, mayu. Anakunywa tu mahali usipomwona."

Akajitwika ndoo yake, akaenda zake. Salvina akabaki anatabasamu, maana furaha ilikuwa imemjaa, na mwenye furaha hasikii vizuri.

Shamba hilo lilikuwa nje kidogo ya Rwamgasa, jirani na mashimo ya dhahabu. Mtu angeshangaa ngano inatafuta nini huko. Ngano ni mmea wa baridi, wa Njombe na Karatu, wa watu wanaolala na mablanketi mawili. Lakini Salvina alikuwa na sababu yake. Alizaliwa Ushirombo, akakulia Ushirombo, na siku alipopokea komunyo ya kwanza, kile kipande cheupe kilipomgusa ulimi, akajiuliza kinatoka wapi. Akamfuata katekista.

"Inatengenezwa kwa ngano," katekista akamwambia. "Inaota nchi za baridi. Huku kwetu ikipandwa inaungua."

Neno hilo likamkaa mtoto. Iweje chakula cha Bwana kiungue katika nchi ya mama yake? Akalibeba darasani, akalibeba chuoni, likamfanya daktari wa mimea. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kuozesha mbegu kama wachumba: hii inayozaa sana lakini ikiona jua inazimia, kwa ile isiyozaa kitu lakini haijui kufa. Wanawe wakakulia kwa bibi yao. Wenzake wakampa jina Mama Ngano, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka. Mbegu nyingi zilimfia mkononi. Huko Kishapu, karibu na Songwa, aliwahi kupanda shamba zima na kuvuna makapi matupu. Mwishowe akabaki na moja tu ya kuitegemea, nayo hakuipa jina ila namba ya kitalu ilimozaliwa: Kumi-na-Saba.

Na sasa alikuwa ukingoni mwa kustaafu. Kama Kumi-na-Saba isingesimama msimu huu, ingebaki kwenye jokofu la kituo cha utafiti, yatima, hakuna wa kuiuliza habari. Kama ingesimama, ingepitishwa, wakulima wangeipanda, na yeye angejua kwamba hakupoteza umri wake. Ndilo jambo alilokuwa akimwomba Mungu kila rozari.

Shamba alipewa na Boaz. Boaz alikuwa mtu mkubwa pale, mwenye mashimo na mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na ndiye aliyeezeka kigango, kanisa dogo la hapo, kwa bati za rangi. Hakutaka kodi. "Chukua hapa, Dokta," alimwambia. "Ardhi hii imepumzika. Uweke uzio wako na vibao vyako, nitawaambia watu wasikanyage." Na kweli hakuna aliyekanyaga. Watu wa huko wanaogopa vibao vya utafiti kama wanavyoogopa kaburi la mganga.

Kazi ya kupima ukame ina namna yake. Mbegu hugawanywa katika vitalu, na kila mbegu hupewa vitalu vyake kwa kura, huku na huku, ili isiwepo inayopendelewa na udongo. Ipo mbegu unayoisifia, na ipo ya kulinganishia, dhaifu, ya baridi, ambayo unajua itakufa. Ukiona imekufa, unajua kipimo chako ni cha haki. Unazimwagilia zote mpaka zisimame. Halafu unazinyima maji. Unakaa na kutazama ipi inafia wapi. Ni kazi ya kikatili kidogo, na inataka macho yasiyochoka.

Ngano ya kwanza kukauka ilikuwa ya baridi, kama ilivyotarajiwa. Nyingine zikafuata. Kumi-na-Saba nayo ilikuwa imeanza kuwa njano katika vitalu viwili. Lakini katika kitalu chake cha tatu, kile kilichokuwa karibu na lundo la marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa dhahabu, ikasimama. Haikusimama tu, ikaongezeka. Masuke yakajaa, majani yakapanuka. Salvina aliposhika shina moja alilia machozi palepale, akiwa amepiga magoti, na Mwigulu, msaidizi wake, mtu mzima mwenye wajukuu, akageuka pembeni kumsitiri.

Salvina akampigia simu Elieth. Elieth aliwahi kuwa mwanafunzi wake, sasa ndiye mkubwa wake kituoni.

"Mama, una hakika?" Elieth akauliza.

"Njoo uone kwa macho yako."

"Nitakuja na jopo. Mama, ikiwa ni kweli, mbegu inapita. Jina lako litabaki."

Ni baada ya simu hiyo Salvina alianza kuona mambo mengine.

Aliona umande. Asubuhi za kiangazi cha Geita hazina umande. Unaamka mdomo umekauka na vumbi limelala juu ya kila kitu. Lakini katika kile kitalu kila suke lilikuwa na tone, na matone hayakukauka upesi. Akaona pia kweleakwelea. Walishuka kama wingu, wakakomba punje nyembamba za vitalu vikavu, kelele tupu. Lakini walipofika penye kijani waligawanyika, kundi likapita kushoto, kundi likapita kulia, wakaungana mbele. Punje nono hizo zote, na hakuna ndege aliyetia mdomo.

"Mwigulu," Salvina akasema, "umeona?"

"Nimeona, Dokta."

"Wanaogopa nini?"

Mwigulu alikuwa akipenda utani. Alikuwa na maneno ya kumchekesha hata maiti. Lakini siku hiyo akafunga kofia yake vizuri, akasema tu, "Ndege hawasomi vibao vyetu," na kutoka hapo akawa anakizunguka kitalu kile kwa mbali, hata kama njia ya mkato ilikuwa imenyooka mbele yake.

Mchana jua likiwa la utosi, upepo hakuna hata wa kutikisa nywele, Salvina alizoea kusali Malaika wa Bwana pale pale shambani. Mara moja, akiwa amefumbua macho baada ya kujiandika msalaba, aliona masuke yanatikisika. Si yote. Suke moja, halafu la jirani, halafu linalofuata, kwa mwendo wa pole, kama vile kuna mtu anapita chini na bega lake linagusa mizizi. Mtikisiko ukatoka kwenye kitalu kile, ukaingia kwenye vitalu vikavu, ukaelekea kwenye ua wa Mama Wiliam. Halafu ukatulia. Salvina alisimama hapo mpaka jasho likamkauka mwilini. Akajiambia ni panya. Lakini moyo wake haukupokea.

Jioni hiyo alikwenda kuketi kwa Mama Wiliam, kwa kuwa hakutaka kuwa peke yake.

"Shikamoo, Mama Wiliam."

"Marahaba, mayu. Kaa. Mbona umepauka kama uliyekula majivu?"

"Jua tu."

Mama Wiliam alikuwa mjane aliyekomaa, Msukuma wa maneno machache na kicheko cha ghafla. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Wiliam. Kijana huyo alikuwa akichimba kwenye duara la Boaz, shimo refu la kushuka kwa kamba. Msimu wa mvua uliopita alitoka asubuhi, hakurudi. Boaz mwenyewe alikuja kumpa mama habari: vijana wamesikia almasi imetoka Songwa, wamekimbilia huko, Wiliam mmojawao. Simu yake haikupatikana tena.

"Wanasema vijana wa madini ndivyo walivyo," Mama Wiliam akasema, akichochea moto. "Anaweza kurudi na gari, anaweza kurudi na ukoma. Mimi hilo silitilii neno. Linalonishinda ni jambo moja, mayu, na wewe umesoma, labda utanisaidia."

"Jambo gani?"

"Kila mwezi nakwenda kutoa nia ya misa. Padri ananiuliza, Mama Wiliam, tumwombee kijana kama msafiri au kama marehemu? Nashindwa kujibu. Nikisema marehemu na yeye yu hai, si nimemlaani mwanangu kwa mdomo wangu? Nikisema msafiri na yeye yuko toharani anaungua, anangoja sala ya mama yake, haiji? Nikarudi nyumbani bila kutoa nia. Kila mwezi hivyo hivyo." Akafuta jicho kwa moshi, au kwa kisichokuwa moshi. "Kutokujua kunachosha kuliko kilio."

Salvina alikunywa uji aliopewa, akaaga.

Jopo lilipokaribia kufika, Mwigulu akamwita. "Dokta, panda huku juu ya lundo. Mimi nimeona, lakini sitaki kuwa peke yangu niliyeona."

Wakapanda lundo la marudio, mchanga unakimbia chini ya miguu. Huko juu Salvina akageuka, akatazama shamba lake lote kwa mara ya kwanza kama ndege anavyolitazama.

Kijani hakikuwa tena kwenye kitalu kimoja. Kwa kuwa ukame ulikuwa umekaza, kila kisichokuwa na maji kilikuwa kimegeuka rangi ya ganda la karanga, na kilichobaki kijani kilijitokeza wazi kama chapa kwenye ngozi ya ng'ombe. Kulikuwa na duara la kijani, ndani ya kitalu cha Kumi-na-Saba. Kutoka kwenye duara ukatoka mstari, mpana kama mabega ya mtu. Mstari ukanyooka, ukapinda, ukapinda tena, ukakata vitalu vyote bila kujali mbegu, ukaishia kwenye ua wa minyaa, ubavuni mwa jiko la Mama Wiliam. Na pale mwisho ndipo palipokuwa kijani kuliko pote.

"Soma," Mwigulu akasema. "Wewe ndiye daktari."

Salvina akasoma, ingawa hakutaka. Mstari ulipita juu ya kitalu cha mbegu ya baridi, ile dhaifu, ile ambayo ilipaswa kuwa imekufa zamani. Nayo ndani ya mstari ilikuwa imesimama, ina masuke, inapendeza. Basi si Kumi-na-Saba iliyovumilia. Kumi-na-Saba ilikuwa imeangukia kwa kura juu ya mdomo wa shimo. Chini ya ngano kulikuwa na udongo uliofukuliwa ukafukiwa, laini, unaoshika maji, na mizizi ilikuwa imeshuka kunywa humo.

"Hapa palikuwa na duara," akasema.

"La tajiri Boaz. Alilifukia asubuhi moja, kwa haraka, akasawazisha kwa marudio. Wiki hiyohiyo ndiyo Wiliam alikwenda Songwa." Mwigulu akatema mate pembeni. "Sijasema kitu, Dokta. Lakini unajua desturi ya hawa watu. Duara likimeza mtu, mwenye duara halii na haruhusu mtu alie. Wanaamini dhahabu haipendi kilio. Ukilia juu ya shimo, inahama kwenda kwa jirani. Kwa hiyo mtu anafukiwa kimya, na nyumbani kwao wanapewa habari ya safari."

Ndipo Salvina akaelewa werevu wa Boaz, na ujinga wake. Alitaka pale pawekewe uzio na vibao, pasichimbwe wala pasijengwe. Akampa mgeni wa sayansi, akaona amemaliza. Hakujua kwamba kama angempa mkulima wa muhogo, siri ingelala mpaka kiyama. Lakini alimpa mtu ambaye kazi yake ni kuinyima ardhi maji na kuikodolea macho mpaka iseme inaficha nini. Mungu si Athumani.

Boaz hakungoja kuitwa. Alikuwa amewaona juu ya lundo. Kesho yake akaja shambani, kofia mkononi, tabasamu limetangulia.

"Dokta, hujambo. Nasikia wageni wanakuja kukupa taji."

"Wanakuja kuona, Mzee Boaz. Hapa chini kuna nini?"

"Chini?" Akacheka. "Chini kuna chini. Mashimo ya wakoloni hayo, nchi hii imejaa matundu kama chujio."

"Udongo wake si wa zamani."

Boaz akaitazama ngano, kisha akamtazama yeye, na sauti yake ikashuka, ikawa ya kirafiki. Hapo ndipo alipotisha. "Dokta, mimi sikusoma, lakini nina macho. Huo mstari ndio unaokuharibia. Ung'oe. Sema ni ugonjwa, sema ni mchwa. Acha lile duara peke yake, ambalo limekaa ndani ya mbegu yako. Wageni wakifika wataona mbegu moja tu imesimama, zote zimekufa. Si ndicho ulichokuwa unamwomba Mungu? Basi amekupa. Mbona unataka kumrudishia?"

"Na aliyeko chini?"

"Nani alisema kuna mtu chini?" Boaz akavaa kofia. "Wewe una mbegu. Shughulika na mbegu."

Hakuna mtu atakayesema kwamba Salvina hakujaribiwa. Boaz alipoondoka alisimama kwenye kitalu cha mbegu ya baridi, pale mstari ulipopita, akawaza. Mstari wenyewe si mpana. Mikono miwili, alasiri moja, umekwisha. Na Kumi-na-Saba si mbegu mbaya. Hata katika vile vitalu vikavu ilikuwa imechelewa kufa kuliko wenzake, siku chache, kitu kidogo, si cha kupitisha mbegu lakini si uongo mtupu. Angepata msimu mwingine angeithibitisha. Ila msimu mwingine hakuwa nao. Akamkumbuka yule katekista. Akainama, akashika shina moja, akavuta.

Shina likakataa. Akavuta kwa mikono miwili, na mzizi ukaanza kuja, ukaja, ukaja, mrefu kuliko mzizi wowote wa ngano aliopata kuuona katika kazi yake yote, umelowa, una tope jekundu la baridi. Ukatoka. Ulipoacha tundu, tundu likapumua.

Alisikia kabisa. Pumzi ndefu, ya taratibu, ya mtu aliyebeba mzigo na sasa ametuliwa. Ikampiga usoni, baridi, katika mchana ule wa joto la kukaanga. Na harufu yake haikuwa ya shimo la wakoloni. Ilikuwa ya mti mbichi, ya matimba, yale magogo ambayo wachimbaji huyasimika kuzuia kuta zisianguke. Gogo la zamani halinuki. Hili lilikuwa linanuka gome, kama lililokatwa juzi.

Masuke yote ya mstari yakaanza kutikisika, moja baada ya jingine, kutoka kwenye duara hadi uani kwa Mama Wiliam. Salvina akaiachia ile ngano ikaanguka. Akajiandika msalaba, akasema kwa sauti, kama anayemjibu mtu, "Nimesikia." Masuke yakatulia.

Hakung'oa jingine.

Jopo likaja kwa magari mawili. Elieth akashuka wa kwanza, akamkumbatia Salvina hadharani. Majirani walikuwa wamejipanga nje ya uzio, Mama Wiliam miongoni mwao, amefunga kitenge chake cha kanisani. Boaz alikuwa amevaa suti. Alikuwa amechinja mbuzi wa wageni, na chakula kilikuwa kinapikwa kwa Mama Wiliam, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya karibu.

"Mama, umeipata!" Elieth akasema, amesimama kwenye duara, masuke yanamfika kiunoni. "Tazama hii! Na pembeni yake vumbi tupu!"

Wale wengine wakapiga makofi. Salvina akaona uso wa Boaz unang'aa. Akaona pia, nyuma ya uzio, uso wa Mama Wiliam, unamtazama kama padri anavyotazama akingoja jibu.

"Njooni huku," Salvina akasema.

Akawapeleka mpaka kwenye kitalu cha mbegu ya baridi. Akapinda suke moja, akalisugua viganjani, akapuliza makapi, akamwekea Elieth punje mkononi. "Hii ni mbegu gani?"

Elieth akasoma kibao. Akakisoma tena. "Ya kulinganishia. Lakini hii... hii ilipaswa iwe imekufa."

"Na ile pale? Na ile? Fuata kijani, utaona mbegu zote zimo, dhaifu na hodari. Hakuna mbegu iliyovumilia hapa. Jaribio langu limeshindwa."

"Mama," Elieth akamsogelea, akanong'ona kwa uchungu, "unajua unachosema? Ukishasema hivyo mbele ya hawa siwezi kukusaidia tena. Unastaafu mwezi wa kumi na mbili."

"Najua, mwanangu." Halafu akainua sauti ili na wa nje ya uzio wasikie. "Chini hapa pana njia ya watu. Ule mduara ndio mlango wake, na mwisho wake ni pale, kwenye ua. Mahali palipofukiwa hushika maji. Haijafukiwa siku nyingi. Walikuwa wanachimba kutafuta pa kutokea, udongo wakiurudisha nyuma yao."

Maneno hayo ya mwisho hakuwa ameyapanga. Yalimtoka, na yalipotoka akajua kuwa ni kweli: mstari ulipinda mara mbili kukwepa mwamba, na kila ulipopinda uligeukia kwenye nyumba.

Hata watoto waliokuwa wanasukumana wakaacha. Elieth akazifumba zile punje mkononi, hakuzitupa, hakujua azifanye nini.

Boaz ndiye aliyecheka. "Mambo ya kitaalamu hayo, jamani, tutayamaliza mezani! Mbuzi anapoa. Karibuni, karibuni, mgeni hajadiliani na njaa."

Watu wakatazamana, kisha kwa kuwa hawakujua la kufanya wakafanya waliloambiwa. Wakaingia kwa Mama Wiliam. Wakavua viatu mlangoni, wakaketi kwenye viti na mikeka. Wali ukaletwa, mbuzi akaletwa. Boaz akausifia mchuzi kabla hajauonja.

Mama Wiliam akaingia na birika na beseni kunawisha wageni, kama ilivyo desturi. Kitenge chake hakikuwa na kunyanzi. Akaanza na Elieth. Akaenda kwa mwingine, na mwingine, akimimina maji polepole, akisema "karibu" kwa kila mmoja, sauti ile ile. Alipomfikia Salvina aliinama kidogo zaidi, akammiminia maji kitambo kirefu kuliko wengine. Hakusema karibu.

Akamfikia Boaz. Boaz akakunjua mikono, mikono mikubwa ya mwanamume aliyeanzia chini, yenye makovu ya tindo. Maji yakaanza kumiminika juu yake, na mtu anayenawishwa hawezi kuinuka, hawezi kuondoa mikono. Lazima angoje mwenye birika amalize.

Mama Wiliam hakumaliza. Maji yalitiririka membamba, beseni likajaa tope jekundu jepesi.

"Baba Boaz," akasema, bila hasira, kama anavyouliza mtu bei ya chumvi. "Mwanangu alitoka alfajiri sijaamka. Nilikuwa na homa. Sikumwona alivyoondoka. Niambie tu, siku hiyo alikuwa amevaa nini?"

Boaz akatazama maji. Mdomo wake ulifunguka na tabasamu lililokuwa tayari, ukajifunga. Ndani ya nyumba hakuna aliyegusa chakula. Nje, ng'ambo ya ua, ngano ilisikika ikisuguana, ingawa majani ya mpapai mlangoni hayakutikisika hata moja.

"Alivaa koti langu," Boaz akasema. Sauti haikuwa yake. "Kulikuwa na baridi asubuhi ile. Nilimwambia ashuke nalo, huko chini kuna baridi zaidi."

Birika likaisha. Mama Wiliam akalishusha juu ya mkeka, akakaa chini palepale, miguu amenyoosha, kama wanavyokaa akina mama msibani. Akafungua kitambaa cha kichwani. Salvina akatoka kwenye kiti chake, akaenda kuketi naye ardhini, bega kwa bega, na yule mama akaanza kulia, kwa sauti yake yote, bila kuizuia, juu ya shimo.

Boaz akainuka na mikono inayodondosha maji. Hakuifuta. Akaruka viatu vya watu mlangoni, akaviacha vyake, akatoka peku juani.